Vidonge, dripu, utafiti au mafunzo ya mlezi? Ulinganisho kwa familia yenye mgonjwa wa dimensia

Majibu yakishatoka, swali la kwanza la familia huwa "dawa gani ndiyo nzuri?" Tatizo ni kwamba mambo manne yanayowekwa mezani hayafanyi kazi moja. Vidonge vya kila siku vinasaidia sehemu ya ubongo ambayo bado ni nzima ifanye kazi vizuri zaidi. Dripu za kingamwili zinafagia protini iliyorundikana, kwa matumaini ya kupunguza kasi ya ugonjwa. Utafiti ni kujaribu kitu ambacho bado hakijathibitishwa. Mafunzo ya mlezi hayagusi ubongo wa mgonjwa hata kidogo, ila ndiyo yanayobadilisha hali ya nyumba saa kumi na mbili jioni.

Hakuna kati ya haya linaloponya. Msimamo wetu tuuseme mapema: mafunzo yaanze kwa kila familia, vidonge vifuate kama aina ya ugonjwa inaruhusu, na dripu ibaki kwa wachache walio mwanzoni kabisa na wenye hospitali ya kuwafuatilia kwa karibu.

## Kwanza, ni dimensia ipi?

Dimensia ni jina la hali, si la ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa Alzheimer unachukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wengine wana dimensia ya mishipa ya damu, inayotokana na viharusi vikubwa au vidogo vidogo ambavyo hata havikutambuliwa. Wengine wana dimensia ya miili ya Lewy, yaani vifundo vya protini ndani ya seli za ubongo. Wengine wana ile ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mara nyingi huanza kwa tabia kubadilika au maneno kupotea huku kumbukumbu ikiwa bado nzuri.

Jina hili linaamua nusu ya uchaguzi. Donepezili inayomsaidia mwenye Alzheimer haimsaidii mwenye ugonjwa wa ubongo wa mbele, na wakati mwingine humzidishia papara. Dripu ni za Alzheimer peke yake. Kisha kuna mwenye miili ya Lewy: anaona watoto au wanyama wasiokuwepo, anatembea kwa kukokota miguu, anapiga mateke usingizini, leo ana akili timamu na kesho hajui yuko wapi. Huyu akichomwa haloperidoli ili atulie anaweza kukakamaa mwili mzima, akashindwa kumeza, hata akafa. Kosa hilo hutokea kirahisi usiku, wodini, kwa daktari wa zamu asiyemjua mgonjwa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa faili uandikwe aina kamili, si "dimensia" tu.

Yapo pia yanayofanana na dimensia na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, kaswende, VVU, sonona, damu iliyovujia kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka, maji kujaa ubongoni. Kama dimensia imetamkwa bila damu kupimwa wala kichwa kupigwa picha, bado hamjafika mahali pa kuchagua. Na mtu aliyekuwa sawa Jumatatu akachanganyikiwa Jumatano, usiseme dimensia imepanda. Tafuta maambukizi, dawa mpya, upungufu wa maji au chumvi ya mwili iliyoshuka. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

## Vidonge na plasta

Donepezili, rivastigmini na galantamini ni ndugu. Zote zinazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Donepezili huanza na miligramu 5 mara moja kwa siku, na hupandishwa hadi 10 baada ya wiki nne hadi sita. Ukiharakisha hatua hiyo, kichefuchefu, kuhara na kukosa hamu ya kula huzidi, na familia inaacha dawa kabla haijapata nafasi. Kwa kawaida humezwa wakati wa kulala. Mgonjwa akianza kuota ndoto kali, daktari huihamishia asubuhi. Dawa hizi pia hupunguza mapigo ya moyo. Aliyewahi kuzimia, au anayemeza dawa ya moyo inayopunguza mapigo, apimwe umeme wa moyo kwanza. Mgonjwa akianguka wiki tatu baada ya kuanza dawa, kabla ya kulaumu sakafu, hesabu mapigo yake kwa dakika nzima.

Rivastigmini inapatikana pia kama plasta, na faida yake ni kwamba tumbo linapumzika. Huanza na ile ya miligramu 4.6 kwa saa 24, na baada ya wiki nne, kama imekubali, hupandishwa hadi 9.5. Hapa ndipo mikono mingi huharibu kazi. Mlezi wa mchana anabandika mpya mgongoni asubuhi, binti anarudi jioni asione kitu kifuani anapopazoea yeye, naye anabandika nyingine. Usiku mgonjwa anatapika, anatoka jasho, mapigo yanashuka. Kipimo kimeongezeka maradufu na hakuna aliyejua. Utaratibu uwe mmoja: pitisha kiganja mgongoni, begani na kifuani, bandua ya zamani na uikunje upande wa gundi kwa ndani, safisha ngozi, ikaushe, usipake mafuta wala losheni, bandika mpya, ikandamize kwa kiganja kama nusu dakika, kisha andika kwenye daftari saa na mahali ("bega la kushoto, nyuma"). Usirudie mahali palepale ndani ya siku 14. Zikipita zaidi ya siku tatu bila plasta, musiendelee na 9.5; zungumzeni na daktari, kwa sababu inabidi kuanza upya na 4.6.

Memantini ni ya ukoo mwingine, inafanya kazi kwenye glutamati, kemikali nyingine ya mawasiliano ya ubongo, na imekusudiwa Alzheimer ya hatua ya kati na ya mwisho. Huanza na miligramu 5 kwa siku, huongezwa 5 kila wiki hadi 20. Figo zikiwa dhaifu sana kipimo hupunguzwa, hivyo damu ya figo ipimwe kabla. Haisumbui sana tumbo. Malalamiko ya kawaida ni kizunguzungu, kichwa kuuma na choo kigumu. Inaweza kutumika pamoja na donepezili.

Faida ni ya kiasi gani? Kwenye kipimo cha kumbukumbu chenye pointi 70 kinachotumiwa na watafiti, ndugu hawa watatu huwazidi wasiopewa dawa kwa pointi 2 hadi 3 kwa wastani. Ni kidogo, lakini si hewa. Wapo wanaorudia kufuatilia mazungumzo mezani, na wapo ambao hakuna kinachoonekana. Njia ya kujua ni kuandika mambo matatu kabla ya kidonge cha kwanza, mambo ya kuonekana kwa macho: je, anaandaa chai bila kuacha jiko likiwaka? Anauliza swali lilelile mara ngapi kabla ya chakula cha mchana? Usiku anafika chooni mwenyewe? Mpitie tena baada ya miezi mitatu kwenye kipimo kamili. Bila orodha hiyo, kila mtu nyumbani atakuwa na jibu lake.

Kuacha nako kunahitaji akili. Utafiti wa Uingereza uitwao DOMINO, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuata wagonjwa 295 wa hatua ya kati na ya juu waliokuwa wakimeza donepezili. Walioendelea walibaki na uwezo zaidi kuliko walioachishwa, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba walioachishwa walipelekwa zaidi kwenye makao ya wazee ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo "hatuoni faida tena" haitoshi kukata dawa siku moja. Ipunguzwe hatua kwa hatua, mkiangalia kama kuna kinachoporomoka.

Mtego mmoja zaidi, kwa sababu ni wa kila siku. Donepezili inaweza kuleta haja ndogo ya ghafla. Mgonjwa anaandikiwa oksibutinini ya kibofu, ambayo inafanya kinyume kabisa cha donepezili. Kumbukumbu inashuka, donepezili inaongezwa, mkojo unazidi. Amitriptilini ya usingizi na klofeniramini ya mafua na mzio zina tabia hiyohiyo. Bebeni mfuko wenye dawa zote kliniki, hata zile za kununua bila cheti.

## Dripu za kingamwili

Adukanumabu ilitangulia, ikaidhinishwa Marekani Juni 2021 katikati ya mabishano makali, na mwaka 2024 watengenezaji wakaiacha. Lekanemabu ilipata idhini kamili huko Julai 2023, donanemabu Julai 2024. Zote mbili zinaondoa amiloidi, ile protini inayorundikana ubongoni, na zinawafaa tu wenye Alzheimer ya mapema kabisa ambao amiloidi imethibitishwa kwa picha ya ubongo iitwayo PET au kwa maji ya uti wa mgongo. Vipimo vya damu navyo vimeanza kuingia kazini.

Namba ziangaliwe kwa utulivu. Katika jaribio la lekanemabu la miezi 18, lenye watu 1,795, ukali wa dimensia ulipimwa kwa kipimo chenye pointi 18. Waliopata dawa waliteremka kwa pointi 1.21, waliopata dripu isiyo na dawa wakateremka 1.66. Tofauti ni 0.45, ambayo ndiyo ile "asilimia 27" ya kwenye vichwa vya habari. Makundi yote mawili yaliteremka. Hakuna aliyerudishiwa kilichopotea, na familia inayosubiri mama aanze tena kuwatambua wajukuu itavunjika moyo hata dawa ikiwa imefanya kazi yake yote.

Hatari kubwa ni ubongo kuvimba au kuvuja damu kidogo kidogo. Uvimbe ulionekana kwa asilimia 12.6 ya waliopata lekanemabu, na kwa asilimia 24 ya waliopata donanemabu kwenye jaribio lake la watu 1,736. Wengi hawahisi chochote. Unaonekana kwenye picha ya ubongo ya MRI tu. Wachache hulazwa, na wapo waliokufa. Anayebeba nakala mbili za APOE ε4, jeni inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer, yuko hatarini zaidi: kwenye lekanemabu uvimbe ulifika asilimia 32.6 kwao, dhidi ya 5.4 kwa wasiobeba hata moja. Hivyo jeni ipimwe kabla, na familia ielewe kwamba jibu hilo linawahusu na watoto.

Ratiba ya lekanemabu ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki mbili, dripu ya saa moja hivi. Donanemabu ni mara moja kila wiki nne, na inaweza kusimamishwa amiloidi ikishafagiliwa. MRI hupigwa kabla ya kuanza na kurudiwa mara kadhaa ndani ya nusu mwaka wa kwanza. Mwenye kidhibiti mapigo kifuani kisichoruhusu MRI, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida anakataliwa. Aliyekwishaanza abebe kadi mfukoni. Akifika hospitali mdomo umepinda na mkono umelegea, madaktari wanaweza kudhani ni kiharusi cha kawaida na kumpa dawa ya kuyeyusha damu, na kwa huyu inaweza kuleta uvujaji wa kuua.

## Kwa mtazamo mmoja

| | Vidonge na plasta | Dripu | Utafiti wa dawa | Mafunzo ya mlezi |
|---|---|---|---|---|
| Anayefaa | Alzheimer hatua zote; Lewy | Alzheimer ya mapema, amiloidi imethibitishwa | Anayetimiza masharti ya utafiti husika | Kila familia, aina yoyote |
| Kinachotarajiwa | Nafuu ndogo ya kumbukumbu na shughuli | Kasi ya kushuka kupungua | Hakijulikani. Huenda akapata dawa tupu (ya kuigiza, isiyo na dawa ndani) | Mlezi kupumua, vurugu kupungua |
| Kinachodai | Kumeza au kubandika kila siku bila kukosea | Safari, sindano, MRI | Safari, vipimo, mtu wa kuambatana naye | Saa moja au mbili kwa wiki |
| Hatari kuu | Tumbo, mapigo ya chini, kuanguka | Ubongo kuvimba au kuvuja damu | Hutegemea dawa inayojaribiwa | Hakuna ya mwili |

## Kujiunga na utafiti

Hapa watu huchanganya mambo matatu. Utafiti wa kufuatilia, kama ADNI ulioanza Amerika ya Kaskazini mwaka 2004, hauna dawa: unapigwa picha, unapimwa damu na kumbukumbu, unarudi baada ya muda. Utafiti wa dawa unagawa watu kwa bahati nasibu, wengine dawa, wengine dawa tupu, na daktari mwenyewe hajui nani kapata nini. Wa tatu ni utafiti wa walezi, ambao unawapima nyinyi. Huu husahaulika, ingawa mara nyingi ndio rahisi kuingia na ndio wenye uwezekano mkubwa wa kukuachia kitu mkononi.

Utafiti wa dawa usichaguliwe kama tiba. Solanezumabu iliyotumainiwa sana ilishindwa mwaka 2016, verubesestati ikasimamishwa mwaka 2017, na semaglutidi, ile dawa ya kisukari na unene, nayo haikupunguza kasi ya Alzheimer kwenye majaribio yaliyotangazwa Novemba 2025. Aingie anayesema, "hata nikipata dawa tupu, sitajuta."

Kabla ya kusaini, ulizeni: ni awamu ya ngapi? Uwezekano wa kupata dawa tupu ni nusu au robo? Ni safari ngapi kwa mwaka, na nauli ni ya nani? Jaribio likiisha, waliopata dawa tupu watapewa ya kweli? Akiumia, nani anagharimia? Majibu ya vipimo tutapewa? Tafiti nyingi zinadai mwenzi wa kuambatana naye, mtu anayekaa na mgonjwa saa 10 hivi kwa wiki au zaidi na anayeweza kujibu maswali juu yake. Mwana anayempigia simu Jumapili hafai kwa nafasi hiyo, na ni afadhali ijulikane mapema.

Anayewadai malipo ili mjiunge, hasa kwa "seli shina", kimbieni. Namba ya NCT kutoka ClinicalTrials.gov inaonyesha tu kwamba utafiti umesajiliwa, si kwamba umekaguliwa ubora wake. Dai cheti cha kamati ya maadili. Ridhaa nayo haiishi siku ya kusaini. Mgonjwa anayeuvuta mkono kila akiona sindano amekataa, hata kama karatasi inasema amekubali.

## Mafunzo na msaada kwa mlezi

Hili ndilo lenye ushahidi unaoshangaza zaidi na linalopuuzwa zaidi, labda kwa sababu halina boksi wala kampuni ya kulitangaza. Mpango wa Chuo Kikuu cha New York uliwapa wenzi wa wagonjwa vikao sita vya ushauri vikiwemo vya familia nzima, kikundi cha kukutana, na mtu wa kumpigia simu mambo yakichafuka. Kati ya walezi 406 waliofuatiliwa, waliopata msaada huo waliwachelewesha wagonjwa wao kuingia makao ya wazee kwa siku 557 kwa wastani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Huko Uingereza, programu ya walezi iitwayo START ina vikao vinane vya ana kwa ana, na ilipunguza sonona na wasiwasi wa walezi. Asiye na mtaalamu karibu ana iSupport ya Shirika la Afya Duniani: moduli 5, masomo 23, ya kujisomea mwenyewe.

Wanafundisha nini hasa? Chukua kuoga, vita ya nyumba nyingi. Mlezi anasema "twende ukaoge", mgonjwa anakataa, sauti zinapanda, mtu anapigwa. Mlezi aliyefundishwa anaandika kwa wiki moja: nini kilitangulia, akafanya nini, nini kilifuata. Siku ya nne anaona kwamba ugomvi unaanza nguo zinapovuliwa, si kwenye maji. Mgonjwa anahisi baridi, na anaona mtu asiyemtambua vizuri akimvua. Basi bafu linapashwa joto kwanza, maji yanachotwa kabla hajaingia ili kelele ya bomba isimshtue, taulo linabaki mabegani muda wote, anapewa kitambaa cha kuoshea akishike mwenyewe, na kuosha kunaanzia miguuni, si kichwani. Neno "kuoga" halitajwi. Akikataa bado, mnaacha na kujaribu baada ya nusu saa. Kuoshwa kwa kitambaa mara tatu kwa wiki kunatosha kabisa.

Njia hiyohiyo ya kuandika hutumika mgonjwa anapozunguka jioni akisema "nataka kwenda nyumbani" akiwa nyumbani kwake. Kumbishia hakufai. Angalia kwanza mkojo, maumivu, choo kigumu, njaa, miwani na kifaa cha kusikia. Familia nyingi hurukia kuomba dawa ya kutuliza akili. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa hizo huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia kwa mara 1.6 hadi 1.7. Zina nafasi yake pale mgonjwa anapohatarisha maisha, kwa kipimo kidogo na tarehe ya kuacha iliyoandikwa siku ileile ya kuanza.

Kwa mgonjwa mwenyewe kuna tiba ya kuchangamsha akili kwa kikundi: vikao 14 vya dakika 45, viwili kwa wiki, kwa wiki saba. Jaribio la mwaka 2003 lenye watu 201 lilionyesha faida ya kumbukumbu inayokaribiana na ya vidonge. Kikao kizuri kinauliza maoni ("ipi kati ya picha hizi inakupendeza?"), hakitahini kumbukumbu.

## Sasa chagueni

Mgonjwa wa Alzheimer anayejipikia na kusahau miadi: mafunzo, donepezili, na kama hospitali yenye MRI inafikika na anataka mwenyewe, mazungumzo ya dripu yafanyike sasa, maana dirisha hilo hufungwa. Aliyefika kuchaguliwa nguo na kukumbushwa kula: mafunzo, kidonge kimoja au viwili, dripu haimhusu tena. Asiyemeza wala kutembea: nguvu zote ziende kwenye maumivu, ngozi, ulaji na mapumziko ya mlezi, na vidonge vipitiwe kimoja kimoja. Mwenye ugonjwa wa ubongo wa mbele: mafunzo ndiyo tiba kuu. Mlezi asiyelala usiku tatu mfululizo atangulizwe kabla ya dawa yoyote ya mgonjwa.

Mkishachagua, jazeni karatasi moja kwa ajili ya siku mlezi mkuu atakapolazwa ghafla. Iandikwe aina ya dimensia, dawa na saa zake, plasta ya mwisho ilibandikwa wapi, dawa zisizoruhusiwa, jina analopenda kuitwa, kinachomtuliza, kinachomkasirisha, na jinsi anavyoonyesha kwamba anaumwa. Ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la dawa, na picha yake iwe kwenye simu za watu wawili wasiolala nyumba moja.